Kuujua upepo si kuijua safari ya hewa

Februari 2025, Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati kilianza kutoa rasmi utabiri unaotengenezwa na akili mnemba, sambamba na ule wa siku zote unaokokotolewa kwa milinganyo ya fizikia. Jambo hilo halikuzuka ghafla. Mwaka 2023 Pangu-Weather ya Huawei na GraphCast ya Google DeepMind zilishaonyesha kwamba programu iliyofunzwa kwa kumbukumbu za hali ya hewa za takriban miaka 40 inaweza kutabiri siku kadhaa zijazo kwa muda mfupi mno, na kwa vipimo vingi ikaipita modeli ya fizikia inayohitaji kompyuta kuu. Sifa hizo ni za haki. Kinachonisumbua ni hitimisho linalofuata baada ya makofi: kwamba kwa kuwa upepo sasa unapatikana kwa urahisi, basi na kila kinachobebwa na upepo kimeshapatikana. Ozoni, mvuke wa maji, gesi za majokofu ya zamani, moshi wa moto wa misitu, hata chembechembe ambazo baadhi ya watu wanapendekeza zimwagwe angani ili kuipoza dunia. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wanaoijua kompyuta kuliko mimi, na naamini imekosea mahali pa msingi kabisa.

Nianze na msimamo wangu ili msomaji ajue ninakokwenda. Stratosfia ni tabaka la anga linaloanzia kilomita kama 10 juu ya ardhi karibu na ncha za dunia, au kilomita 17 hivi juu ya ikweta, na kuishia kilomita 50. Ndani ya tabaka hilo mtu anaweza kuwa na upepo sahihi kila siku ya mwaka na bado asijue hewa inakwenda wapi, wala inachukua muda gani kufika. Hii si nadharia ya kutisha watu. Imeshatokea, tena kwa modeli za fizikia zenyewe, na ilichukua miaka mingi kugundua na kurekebisha. Kwa jinsi akili mnemba inavyosifiwa leo, naona tunajiandaa kulirudia kosa lilelile kwa kasi kubwa zaidi.

Habari yenyewe ina zaidi ya miaka 70. Mwaka 1949 mwanafizikia Mwingereza Alan Brewer alichapisha maelezo ya vipimo vya unyevu vilivyochukuliwa kwa ndege juu ya kusini mwa Uingereza. Kifaa chake kilifanya kazi kwa namna inayoeleweka na yeyote: kipande cha chuma kilichong'arishwa kinapozwa hadi barafu itande juu yake, na ukijua kilikuwa na ubaridi kiasi gani barafu ilipotanda, umejua hewa ina maji kiasi gani. Hewa aliyoikuta juu kule ilikuwa kavu mno, kavu kuliko ambavyo ubaridi wa mahali pale ungeweza kuikausha. Ilikuwa lazima iwe imepita mahali pengine penye baridi kali zaidi, na mahali pa namna hiyo ni pale kwenye mpaka wa chini wa stratosfia katika ukanda wa ikweta, ambako joto hushuka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Gordon Dobson, mwanasayansi aliyekuwa akipima ozoni, naye alikuwa na fumbo lake. Ozoni hutengenezwa zaidi palipo na jua kali, lakini vipimo vilionyesha nyingi zaidi karibu na ncha za dunia majira ya baridi yanapokwisha. Majibu yao yalikutana: hewa hupanda ikweta, husafiri kuelekea ncha zote mbili, kisha hushuka. Huo ndio mzunguko wa Brewer na Dobson. Angalia ulivyogunduliwa. Hakuna aliyeupima upepo ule wa kupanda. Walisoma kilichobebwa, wakaujua mbebaji.

Sababu ya kutoupima ni kwamba haupimiki. Juu ya ikweta hewa ya stratosfia ya chini hupanda kwa kasi ya takriban milimita 0.2 hadi 0.4 kwa sekunde. Chukua 0.3: kwa siku nzima hewa imepanda mita 26, kwa mwaka mzima kilomita 9 na ushei. Wakati huohuo upepo wa mlalo unaozunguka ncha ya dunia wakati wa baridi waweza kukimbia mita 60 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku. Uwiano ni 200,000 kwa moja. Hakuna puto wala setilaiti inayoweza kukupimia milimita 0.3 za kwenda juu katikati ya kimbunga hicho. Mwenye modeli huipata kwa njia ya mkato. Ama anatazama upepo wa mlalo unavyokusanyika na kutawanyika, kisha kinachozidi anakirusha juu au chini, ama anakokotoa ni kiasi gani hewa inapashwa joto na mionzi. Njia ya kwanza ni kama kujua uzito wa kalamu kwa kupima lori likiwa na kalamu ndani, kisha kulipima tena kalamu ikiwa imetolewa. Mtu anayejivunia upepo sahihi kwa asilimia 99 anazungumzia lori.

Mzunguko wenyewe hauendeshwi na joto la ikweta kama wengi wanavyodhani. Injini yake iko mbali, katika latitudo za kati, ambako mawimbi makubwa yanayotokana na milima na tofauti ya joto kati ya bara na bahari hupanda hadi stratosfia na kuvunjika, mfano wa mawimbi ya bahari yanapofika ufukweni. Yakivunjika huupunguza mwendo ule upepo wa kuzunguka, na hewa husukumwa kuelekea ncha; nafasi inayobaki ikweta hujazwa na hewa inayofyonzwa kutoka chini. Mawimbi mengine ni madogo kuliko masanduku ambayo modeli hugawanya anga, kwa hiyo hukadiriwa kwa kanuni zenye vitasa vya kurekebishwa kwa mkono. Nitavirudia vitasa hivyo, kwa sababu upande wa pili wana haki ya kuvitaja.

Kama mbebaji haonekani, basi inabaki kusoma mzigo. Ndiyo maana wanasayansi hutumia gesi za alama. Nzuri kuliko zote pengine ni salfa heksafloridi, gesi ya viwandani inayotumika ndani ya swichi za umeme mkubwa. Haiyeyuki wala haiungani na kitu kwa urahisi, na kiasi chake hewani kimekuwa kikiongezeka mwaka hadi mwaka: katika miaka ya 1970 hakikufika molekuli moja katika kila trilioni, leo kimepita 11. Kwa hiyo hewa inapoingia stratosfia inakuwa imegongwa muhuri wa tarehe. Ukichota hewa ya kilomita 25 ukakuta ina kiasi kile kilichokuwapo karibu na ardhi miaka 5 iliyopita, unasema umri wake ni miaka 5. Ni wastani, bila shaka, kwa sababu ndani ya chupa moja kuna molekuli zilizoingia mwaka juzi na nyingine zilizoingia miaka 10 iliyopita, kama vile umri wa wastani wa umati usivyokuambia nani mtoto na nani mzee. Mwaka 1994 Timothy Hall na Alan Plumb waliliweka wazo hili la umri wa hewa kwenye misingi thabiti ya hesabu, na tangu hapo limekuwa mtihani mgumu kuliko yote ambao modeli ya stratosfia inaweza kupewa.

Uchotaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ni wa busara ya ajabu. Kifaa kiitwacho AirCore ni bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, refu kufikia mita 100 na zaidi, lililosokotwa likawa koili inayobebeka mkononi. Ncha moja imezibwa, nyingine iko wazi. Puto linapopanda nalo, kanieneo la nje hupungua na hewa ya ndani hutoka yenyewe mpaka bomba likawa karibu tupu. Juu kule puto hupasuka au hukatwa, mwavuli hufunguka, na bomba linapoanguka hewa ya kila kimo huingia na kuisukuma mbele ile iliyotangulia. Likigusa ardhi, vali hujifunga. Ndani yake sasa kuna anga zima limelala kwa mpangilio: hewa ya stratosfia kwenye ncha iliyozibwa, ya karibu na ardhi mlangoni. Hakuna pampu. Ila watu wanaolifuata kwa gari hupaswa kulikuta bomba ndani ya saa chache kabla tabaka hazijaanza kuchanganyikana.

Alama ya pili imeandikwa na anga lenyewe. Baridi ya mpaka ule wa ikweta hubadilika kwa majira, kwa hiyo hewa inayoingia huwa kavu zaidi miezi fulani na yenye unyevu kidogo zaidi miezi mingine. Tofauti hiyo hupanda polepole, pindo kavu juu ya pindo lenye unyevu, kama sauti kwenye utepe wa kinasa sauti unaopita mbele ya kichwa cha kurekodia. Philip Mote na wenzake walilieleza hilo mwaka 1996 kwa vipimo vya setilaiti, na jina la kinasa sauti likabaki. Ukiangalia mapindo hayo yamepanda kwa kasi gani unapata upepo wa milimita 0.3, ukiangalia yanavyofifia, unapata ni kiasi gani hewa inachanganyika njiani. Mapindo hayohayo ni mtihani kwa modeli yoyote. Modeli mbovu huyafuta kabla hayajafika mbali.

Sasa kosa lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa inatathmini madhara ya kundi la ndege za abiria zenye kasi kuliko sauti, ambazo zingeruka ndani ya stratosfia yenyewe. Modeli zilizotumika zilipopimwa kwa umri wa hewa, nyingi zilitoa hewa changa kuliko ile iliyopimwa angani. Maana yake si ya kitaaluma tu. Hewa changa ni hewa inayotoka haraka, na modeli inayotoa hewa haraka itakuambia moshi wa ndege hauna muda wa kujilimbikiza. Kosa liliegemea upande unaomfurahisha mwenye ndege.

Kisa cha pili kinaniuma zaidi kwa sababu ndicho kinachofanana na cha leo. Kituo kilekile cha Ulaya kilikuwa kimetengeneza kumbukumbu za hali ya hewa zilizochambuliwa upya, ERA-40, zikianzia mwaka 1957 hadi 2002. Humo kila baada ya saa kadhaa modeli husahihishwa kwa vipimo halisi. Upepo wake wa kila siku ulikuwa mzuri. Lakini ulipotumiwa kuendesha safari ya gesi, hewa ya stratosfia ikatoka changa kupita kiasi. Mwaka 2003 Mark Schoeberl na wenzake walionyesha tatizo linavyozaliwa katika kumbukumbu za aina hiyo: kila sahihisho ni mshtuko mdogo, mshtuko huzaa mawimbi ambayo hayapo angani, na mawimbi hayo hutikisa hewa ikavuja kutoka ukanda wa ikweta ambako ilipaswa kutulia. Yaani kitendo kilekile kilichoufanya upepo uwe sahihi zaidi ndicho kilichoiharibu safari. ERA-Interim iliyofuata ilipunguza tatizo. Wengine, kama timu ya Jülich nchini Ujerumani yenye modeli ya CLaMS, waliamua kufuatilia vipande vya hewa vyenyewe badala ya masanduku, na kupima mwendo wa juu kwa kiasi cha joto badala ya masalio ya upepo. Kazi ya zaidi ya muongo mmoja.

Turudi kwenye programu za akili mnemba. Pangu-Weather ina ngazi 13 za kanieneo, na ya juu kabisa ni hektopaskali 50 (karibu na ardhi kanieneo ni kama 1,000), yaani kilomita 20 au 21 hivi. Stratosfia inaendelea kilomita 30 zaidi ya hapo. Ile injini ya mawimbi yanayovunjika, sehemu yake kubwa iko juu ya dari. GraphCast ilifunzwa kwa ngazi 37 hadi hektopaskali 1, ni kweli, lakini katika mafunzo yake uzito wa kosa la kila ngazi ulipangwa kufuata kanieneo: kosa la juu kabisa lilihesabiwa mara elfu moja pungufu kuliko la karibu na ardhi. Siwalaumu. Walikuwa wanatafuta mvua na dhoruba, wakazipata. Mwanafunzi huwa hodari kwa maswali aliyojua yatatoka kwenye mtihani, na hapa hakuna aliyemuuliza hewa ya kilomita 30 ina umri gani.

Kuna jambo dogo zaidi, na kwangu ndilo zito. Programu ya aina hii hutoa ramani ya saa 6 zijazo, kisha ramani hiyo inakuwa chanzo cha inayofuata. Hakuna sharti ndani yake linaloilazimu isipoteze wala kuongeza hewa. Tuseme inapoteza sehemu moja tu katika 10,000 ya gesi fulani kwa kila hatua. Utabiri wa siku 10 una hatua 40. Umepoteza asilimia 0.4, na hakuna chombo cha uhakiki kitakachopiga kelele. Safari ya miaka 5 ndani ya stratosfia ina hatua 7,300. Piga hesabu: zaidi kidogo ya nusu ya gesi imetoweka, na si kwa kemia. Ukiwa unachunguza kama ozoni inapona au la, umeshapotea.

Wanaotetea njia mpya wana hoja, na nyingine ni nzuri. Ya kwanza ni vile vitasa. Modeli za fizikia nazo hubahatisha mawimbi madogo, na ubahatishaji huo uliumbuka mwaka 2016 pale mpigo wa upepo wa ikweta, ambao hugeuka kutoka mashariki kwenda magharibi na kurudi kwa takriban miezi 28, ulipovurugika bila modeli yoyote kuutabiri. Ulikuwa umepimwa tangu miaka ya 1950 na haukuwahi kufanya vile. Kwa hiyo anayesema akili mnemba haijui fizikia na kwa hiyo haifai, anatetea nyumba ambayo nayo ina nyufa. Hoja ya pili ni gharama: kukokotoa kemia ya gesi nyingi ni mzigo mzito, na programu iliyofunzwa kuiga sehemu hiyo peke yake inaweza kuachia nafasi ya kurudia jaribio mara mia badala ya mara tatu. Hiyo naikubali bila masharti. Ya tatu ni kwamba kuna mahuluti. NeuralGCM, iliyochapishwa mwaka 2024, huacha milinganyo ya mwendo wa hewa mahali pake na kuifunza mashine ile sehemu ya kubahatisha tu. Njia hiyo inaelekea kuzuri, kwa kuwa inakubali kwamba kuna mambo hayafai kujifunzwa kwa mifano. Sheria ya kuhifadhi maada haihitaji mifano ya miaka 40.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba makosa ya kila hatua ni madogo na ya nasibu, huku mengine yanapandisha na mengine yanashusha, kwa hiyo kwa muda mrefu yatafutana. Inasikika kama hekima, na kwa joto la wastani la mwaka ina ukweli fulani. Kwa safari ya hewa ni kinyume. Chukua vipande elfu vya hewa vilivyo kwenye kimo kimoja, kila saa 6 kila kimoja kikosewe mita 50, juu au chini kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 5 wastani wa makosa kweli ni karibu na sifuri. Lakini vipande vyenyewe vimetawanyika zaidi ya kilomita 4 juu na kilomita 4 chini, kwa sababu mtawanyiko hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hatua, na kipeuo cha pili cha 7,300 ni 85. Mapindo ya kinasa sauti yamefutika. Tone la wino likishasambaa ndani ya maji huwezi kulikusanya kwa kuyakoroga upande wa pili. Huko ndiko ERA-40 ilikopotelea, na mitikisiko yake haikuwa hata ya nasibu kamili.

Wengine hujibu kwamba modeli ikipotoka, setilaiti zitairudisha kwenye mstari. Zipi? Chombo kilichotufunza mengi kuhusu mwendo wa gesi za stratosfia katika miaka 20 iliyopita kimo ndani ya Aura, setilaiti ya Marekani iliyorushwa Julai 2004, na imekaribia mwisho wa maisha yake. Hutazama anga kwa ubavu, kwenye ukingo wa dunia, na hivyo kutenganisha gesi kimo kwa kimo. Setilaiti za kawaida za hali ya hewa hutazama chini na kuona tabaka zote zimelaliana. Chombo hicho ndicho kilichopima maji yaliyorushwa na volkano ya Hunga karibu na Tonga tarehe 15 Januari 2022: tani takriban milioni 146, sawa na asilimia 10 ya maji yote yaliyokuwa stratosfia, kwa siku moja. GraphCast ilifunzwa kwa data za mwaka 1979 hadi 2017. Hakuna siku katika kumbukumbu hizo inayofanana na ile, wala na siku za mwanzo wa 2020 ambapo moshi wa moto wa Australia ulijizungusha kama kisulisuli na kupanda hadi kilomita 35 kwa kupashwa joto na jua. Kwa mambo yasiyo na mfano, mtu anahitaji sababu.

Na kumbukumbu zenyewe hazikubaliani. Karibu programu zote hizi zimefunzwa kwa ERA5, mrithi wa zile za awali. Felix Ploeger na wenzake walipoikagua mwaka 2021 walikuta mzunguko wake ni wa polepole kuliko wa ERA-Interim na hewa yake ni nzee zaidi. Kumbukumbu mbili, kituo kimoja, anga moja. Juu ya hapo kuna ubishi wa miaka mingi ambao haujaisha: modeli za tabianchi karibu zote zinasema mzunguko unaongeza kasi kadiri dunia inavyopata joto, kwa takriban asilimia 2 hadi 3 kila muongo, ilhali vipimo vya maputo vya miaka 30 vilivyokusanywa na Andreas Engel na wenzake mwaka 2009 havikuonyesha hewa ikiwa changa, kama kulikuwa na badiliko, lilielekea upande wa uzee, ndani ya mipaka ya shaka. Sehemu ya jibu huenda iko kwenye saa yenyewe, kwani salfa heksafloridi huharibiwa polepole katika mesosfia, tabaka lililo juu ya stratosfia, na kuifanya hewa ionekane nzee kuliko ilivyo. Mashine iliyofunzwa kwa ERA5 itarithi upande mmoja wa ubishi huu na kuutoa kama ukweli, tena kwa ramani safi zisizo na alama ya shaka.

Mtu atauliza inamhusu nani. Mwaka 2018 Stephen Montzka na wenzake waligundua kwamba gesi ya CFC-11, mojawapo ya zile gesi za majokofu ya zamani zinazoharibu ozoni, iliyopigwa marufuku na Itifaki ya Montreal, ilikuwa inapungua polepole kuliko ilivyotarajiwa tangu 2012. Gesi hiyo huvunjwa na mwanga wa urujuanimno ndani ya stratosfia tu. Kwa hiyo maelezo yalikuwa mawili: ama kuna mtu anaitengeneza kwa siri, ama stratosfia imepunguza kasi ya kurudisha chini hewa iliyokwisha kusafishwa. La kwanza ni kosa la kisheria la kimataifa, la pili ni tabia ya anga. Ilibidi modeli za safari ya hewa zitumike kupima la pili linaweza kubeba mzigo kiasi gani, na jibu likawa haliwezi kuubeba wote. Mwaka uliofuata vituo vya Gosan nchini Korea Kusini na Hateruma nchini Japani vilionyesha sehemu kubwa ya uzalishaji mpya ilitoka mashariki mwa China. Modeli yenye hewa changa au nzee kwa mwaka mmoja ingeweza kumsafisha mkosaji, au kumtuhumu asiyekosa.

Pendekezo la kumwaga salfa stratosfia ili kuakisi jua lina uzito huohuo. Mlipuko wa Pinatubo wa Juni 1991 ulirusha tani milioni 15 hadi 20 za dayoksaidi ya salfa na dunia ikapoa kwa takriban nusu nyuzi. Lakini ukitaka kujua ni tani ngapi kwa mwaka, zimwagwe latitudo gani na kimo gani, swali lote ni la umri: chembechembe zitakaa ikweta muda gani kabla ya kuvuja kuelekea ncha, na zitashukia wapi. Modeli inayotikisika itazisambaza upesi na kutoa picha ya ubaridi uliogawanyika vizuri duniani kote. Zipo kampuni zinazouza wazo hili tayari, na picha nzuri inauzika.

Mtihani wa kuzuia haya ni rahisi, na hauhitaji milinganyo mipya. Weka gesi ya kubuni kwenye sakafu ya modeli, iongeze kidogo kila mwaka, iache programu iende miaka 20 bila kusahihishwa. Kisha soma umri wa hewa kwenye kilomita 25 na kuendelea katika latitudo za kati, ambako mabomba ya AirCore na maputo ya zamani yanasema miaka 4 hadi 5 hivi. Soma mapindo ya maji juu ya ikweta yamefika wapi kabla ya kufifia. Jumlisha gesi yote uone kama bado ipo. Majedwali ya alama niliyoyaona yakiambatana na programu hizi yana safu ya joto, safu ya upepo, safu ya kanieneo na safu ya mvua, zote za siku 10. Safu ya umri wa hewa haimo.